Silinda ya Kushoto

Fundi Luhende tulimzika Jumanne. Alhamisi nilikuwa bado nimekaa chini ya turubai pale kwake Bariadi, nikimenya viazi na wanawake wenzangu, nilipomsikia mwanamume mmoja upande wa pili akisema, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, kwamba marehemu alikuwa fundi hodari kweli kweli, Mungu amsamehe tu ule wizi wake. Wenzake wakaguna kukubali na hakuna aliyeshangaa. Miaka thelathini na kitu imepita, mji umekuwa makao makuu ya mkoa, pikipiki zimejaa hadi hakuna pa kupita, na bado kitu cha kwanza watu wanachokikumbuka kuhusu yule mzee ni koili moja ya pikipiki. Nilishikwa na hasira mpaka nikajikata kidole. Mama Sayi, mjane wake, aliona damu akanivuta stoo, akanifunga kitambaa, kisha akaniuliza jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu ujana wake. Yeye mwaka ule alikuwa shambani kwao, akilima pamba na kulea, na mumewe alikuwa akimwambia kila siku kwamba yamepita. "Wewe ulikuwepo, Kabula," alisema. "Aliiba au hakuiba?" Nilimwomba anipe mpaka jioni. Naandika haya katika daftari litakalokaa kwenye kabati langu, limefungwa, mpaka mtu mmoja awe ametangulia mbele ya haki. Kwa nini lifungwe, mtaona.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimefeli kidato cha nne vizuri tu, bila hata alama moja ya kudanganyia watu, na nimekataa kuolewa na mwanamume aliyekuwa na ng'ombe wengi na meno machache. Luhende alinichukua kwa sababu nilijua kusikiliza. Gereji yake ilikuwa vyumba viwili vya bati, karibu na maghala ya pamba. Cha mbele kilikuwa cha kazi, na sakafu yake ya udongo ilikuwa imekunywa oili mpaka imekuwa ngumu kama saruji. Cha nyuma kilikuwa na kitanda chake, mafiga matatu, na meza ambayo tulilia ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa na kuungwa karanga. Alikuwa mtu wa maneno machache, na injini ikiwaka hakutaka hata hayo machache. Lakini alikuwa na tabia moja ambayo mji mzima uliijua. Kila kifaa kibovu alichokitoa kwenye pikipiki ya mtu alikifunga kwenye gazeti na kumkabidhi mwenyewe mkononi, hata kama ni bolti iliyokatika. Mafundi wote duniani wanatuhumiwa kubadilisha spea za watu, kutoa nzima na kuweka mbovu, na wengi wao, mimi niko kwenye biashara hii, wanatuhumiwa kwa haki. Luhende hakutaka kabisa kusikia neno hilo likitajwa karibu na jina lake. Nilimwona siku moja akimfuata mteja kwa miguu mpaka stendi kwa ajili ya plagi moja iliyoungua.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya Malimi. Alikuwa na miaka thelathini hivi, mnunuzi wa pamba, mtu wa familia yenye mifugo kule njia ya Sola, mcheshi, mwenye kupenda kupigiwa kelele na watoto anapopita. Aliinunua kwa mhandisi wa barabara aliyemaliza mkataba wake. Ilikuwa kuukuu, nzito, ya silinda mbili, wakati wengine wote walikuwa na vipikipiki vya silinda moja. Ikiwa nzima, mlio wake ulijaa kifuani. Lakini masika ile Malimi alizika watoto wawili katika muda wa wiki tano, homa, wa kwanza akiwa na miaka minne na wa pili hajaanza kutembea. Aliporudi gereji kwetu baada ya msiba wa pili alikuwa amekonda shingo, na hakusalimia. Alisema pikipiki inamisi. Silinda moja inakufa, inabaki moja inayovuta kwa shida. Luhende akamuuliza inakufa wakati gani. Malimi akajibu kwamba tusiulize wakati, tuulize mahali. Inakufa kwenye ua wa minyaa wa mayu Milembe, mara zote mbili hapo hapo, akitoka Bariadi kwenda kwake.

Mayu, yaani mama, Milembe alikuwa mjane wa baba mdogo wa Malimi. Nilimwona mwezi huo huo, Malimi alipopata safari ya kutoka mjini na ndugu akatuletea habari kwa baiskeli kwamba imemisi tena hapo hapo. Tulienda na Luhende, tukamkuta Malimi amesimama katikati ya barabara, mbali na ua, kana kwamba minyaa ingemuunguza. Mama mzee alitoka akitusalimia mwadila, akaleta maji kwenye kibuyu na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwenye ungo, akatuwekea chini kivulini. Macho yake yalikuwa mekundu, yale ambayo kwetu watu huyaita ya mchawi. Alipikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba kwenye nyumba isiyo na dirisha, kama wanawake wote wa upande ule wasio na mtu wa kuwakatia kuni, na moshi wa miaka arobaini haumwachi mtu. Binti yake, Holo, mkubwa wangu kidogo, alisimama mlangoni akitutazama. Mayu alimuuliza Malimi kama mama watoto ameanza kula. Aliuliza kwa huruma ya kweli, nilimsikia. Malimi hakunywa yale maji, akatema mate upande. Mimi nilikunywa, nikala na matobolwa, na Luhende naye akala, taratibu, kwa makusudi, huku Malimi akituangalia. Leo mimi nami macho yangu ni mekundu, kwa petroli na moshi wa kuchomelea, na hakuna aliyewahi kuniambia neno. Mwanamke mwenye duka la spea macho yake ni ya kazi. Asiye na kitu ndiye anayeulizwa ameyapata wapi.

Pale barabarani Luhende alinionyesha jambo ambalo nimelifundisha vijana wengi tangu hapo. Aliiacha injini iwake, akanitaka nidondoshe maji kwenye bomba la eksozi la kila upande. La kulia maji yalichemka yakapotea. La kushoto yalitiririka tu kama juu ya jiwe, maana silinda isiyochoma haina joto. Basi mgonjwa tulimjua, ni wa kushoto, bado kujua ugonjwa. Tuliipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe tukarudi nayo mjini. Tukabadilisha plagi, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Tukaosha kabureta zote mbili. Tukaiwasha asubuhi, ikaunguruma bila kasoro, silinda zote mbili, kana kwamba inatucheka. Jioni ya siku hiyo Malimi alituambia kwa nini hashangai. Alikuwa amekwenda kwa mfumu, mganga mmoja mbali kule njia ya Mwanhuzi, akaambiwa kwamba anayekula watoto wake atajitaja mwenyewe, kwa kukizuia chombo chake mlangoni kwake. Alisema maneno hayo kwa sauti ya kawaida, ameshika kikombe cha chai. Nilimwangalia Luhende na nikaona anatazama chini. Kwetu, mwanamke mzee akishatajwa hivyo, panga linakuwa limeshanolewa. Nilikuwa nimeshasikia habari za wawili wa namna hiyo kabla sijafika darasa la saba.

Luhende hakulala usingizi wa maana wiki ile. Asubuhi moja aliniambia kwamba huenda haifi mahali, inafia muda. Kutoka Bariadi mpaka kwa Milembe ni kama dakika arobaini kwa mwendo wa Malimi. Akanipa saa yake ya mkononi, akawasha injini uani, akaniambia nikae karibu nayo nisiende mbali, kisha akaenda sokoni. Wakati huo kaka wawili wa Malimi walikuwa wamekuja kuulizia pikipiki, nikawapa ugali chumba cha nyuma wamsubiri fundi. Waliongea Kisukuma, wakiamini mlio unawafunika. Dakika ya thelathini na nane, silinda ya kushoto ilikata. Mlio ukashuka nusu, ghafla, na katika nusu ile nikasikia sauti ya kaka mkubwa ikisema kwamba mtu wa kazi ameshapatikana, anakaa kwao tangu juzi anakula nyama, anasubiri neno la Malimi tu. Mwingine akauliza, na yule binti? Mkubwa akasema binti asipopiga kelele hana shida. Nilishika saa ya Luhende mpaka kioo kikaniachia alama kiganjani. Sijawahi kuogopa namna ile, si kabla wala baada.

Luhende aliporudi nilimweleza yote mawili, ugonjwa na maneno. Ya kwanza ilikuwa rahisi. Kila silinda ilikuwa na koili yake, kile kidude kinachoipa plagi moto, na koili ya kushoto ilikuwa inakufa ikishapata joto na kufufuka ikipoa. Ya pili hatukujua tuipeleke wapi. Polisi tungesema nini, kwamba watu walikula ugali wakaongea? Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mjomba wao. Tulimtuma mama mmoja muuza samaki akamwonye mayu Milembe ahame kwa muda, na jibu likarudi siku ya pili. "Nikikimbia watasema ni kweli. Na kaburi la mume wangu nimwachie nani?" Basi tulibaki na pikipiki tu. Mimi ndiye niliyetoa wazo, na nililitoa kwa majivuno, nalikiri. Nilisema tumwonyeshe Malimi kwa macho yake. Tuhamishe koili, ya kushoto iende kulia, halafu aendeshe dakika arobaini njia nyingine kabisa. Luhende akasema tujaribu.

Tulikwenda njia ya Lagangabilili, Malimi mbele, mimi nyuma na chupa ya maji. Upande huo hakuwa na ndugu wala adui. Pamba ilikuwa imefunguka pande zote, watu wako mashambani, na mimi nilikuwa nahesabu dakika nikiomba ife. Ikafa, dakika ya arobaini na moja, kwenye tambarare isiyo na nyumba. Niliruka chini, nikamwaga maji, bomba la kushoto likachemka, la kulia likanyamaza. Furaha niliyokuwa nayo! Nikamwambia, kaka Malimi, umeona, ugonjwa umehama pamoja na koili, na hapa hakuna ua wa minyaa, hakuna mtu. Alilishika bomba la kulia kwa kiganja, akakiacha pale. Akatazama mashamba, huku na huku, kwa utulivu.

"Basi amenifuata," alisema.

Nilikuwa nimemchukua mama mzee kutoka kwenye ua wake nikamweka kila barabara atakayopita Malimi maisha yake yote. Tulirudi kwa silinda moja, polepole, mimi nimeshika chuma cha nyuma ili nisimguse mgongo. Gereji walikuwepo wateja watatu na mama wa chai. Luhende alimweleza Malimi habari ya koili vizuri, kwa subira, kama anavyomweleza mtoto wa shule, na Malimi akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema hakatai kwamba koili imekufa, haoni sababu ya kubisha na fundi. Yeye anauliza ni nani aliyeiua, koili yake yeye, kati ya koili zote za Bariadi, mwaka huo huo wa watoto wake. Akasema anakwenda nyumbani leo hii, kwa baiskeli ya kukodi, kuna mtu anamsubiri. Aliaga kwa heshima. Alikuwa ameshafika mlangoni.

"Mimi," alisema Luhende.

Malimi akageuka. Luhende alikuwa ananawa mikono kwa sabuni ya unga, na hakuinua kichwa. Akasema ule mwezi wa kwanza, ulipoleta pikipiki nikubadilishie oili, nilitoa koili yako nzima nikaweka mbovu niliyokuwa nayo. Nilikuwa na mteja anaitaka, akakawia kuja. Iko chini ya kitanda. Akaingia chumba cha nyuma, akatoka na koili nzuri iliyofungwa kwenye kitambaa, ambayo mimi nilijua ameinunua kwa jasho lake Mwanza, kwa ajili ya kazi nyingine. Akaiweka kwenye kiganja cha Malimi mbele ya watu wote. Nikaona uso wa Malimi unabadilika, unatoka mahali pa mbali ulipokuwa na kurudi, unakuwa uso wa mtu aliyeibiwa. Akampiga kofi. Akampiga la pili, na teke, na wateja wakasaidia kidogo, na mama wa chai akaita watu waje wamwone fundi mtakatifu. Luhende aliifunga ile koili kwenye pikipiki akiwa na damu puani. Malimi aliwasha, akaondoka, na pikipiki ile haikumisi tena. Mtu wa kazi alirudishwa alikotoka. Nilisikia kwamba alilalamika amepotezewa muda.

Usiku na mchana nilimgombeza, mtoto niliyemzidi mzee wangu kwa mdomo. Wateja walihama karibu wote ndani ya mwezi. Waliobaki walikuwa wakimsimamia kazini wakihesabu spana. Magazeti yake ya kufungia spea yalikaa yakawa ya kuwashia moto. Nilimuuliza kwa nini hakusema uongo mwingine wowote, kwamba ni jini, kwamba ni laana ya yule mhandisi. Alinijibu akiwa anapuliza mafiga, amenipa mgongo. "Wakitafuta jini watamkuta mtu. Mwizi anaeleweka, Kabula. Anapigwa, wanakwenda kulala." Kisha akaniambia nifunge mdomo mpaka Milembe atakapokufa kifo chake mwenyewe, baada ya hapo niseme nitakavyo. Mayu Milembe alikufa kitandani kwake, mzee sana, ana wajukuu. Nilikwenda kumzika. Luhende naye alikuja, akasimama nyuma kabisa, na watu wakashika mifuko yao.

Kwa hiyo Alhamisi ile, kidole kimefungwa, Milembe na Luhende wote wameshazikwa, nilijiona niko huru, na ninamjua wa kuanza naye. Malimi alikuwepo. Ni mzee sasa, anatembea na fimbo, amesomesha watoto waliozaliwa baadaye, ni mtu wa kuheshimiwa. Nilivuta kiti cha plastiki nikakaa karibu naye, nikamsalimia, nikamwambia bila kuzunguka: kaka, Luhende hakuiba koili yako. Ile aliyokupa ilikuwa yake. Yako ilikufa yenyewe, alisema vile ili msimguse mayu Milembe. Nilitegemea alie. Nilitegemea hata akasirike. Midomo yake ilitembea kidogo kama ya mtu anayehesabu, na nikaona uso wake unakwenda tena kule mbali, mahali ambako niliuona ukienda kwenye tambarare ya Lagangabilili. Mjukuu wake alifariki mwaka huu. Nilikuwa nimesahau kabisa, na ilinirudia pale pale, nimeshasema.

"Yule binti yake," aliuliza polepole. "Holo. Bado anakaa pale pale kwenye ua?"

Holo ana miaka hamsini na kitu, mjane, anapikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba, na macho yake nimeyaona. Niliona mchezo wote unaanza upya, na safari hii aliyeuanzisha ni mimi, na Luhende hayupo wa kunawa mikono na kusema neno. Nikacheka. Sijui nilikitoa wapi kile kicheko. Nikampiga Malimi begani, nikamwambia kaka, nimekujaribu tu, nilitaka kuona kama umemsamehe marehemu. Aliiba bwana. Nilikuwepo, nilimwona kwa macho yangu akiifungua, nikaogopa kusema kwa sababu nilikuwa nakula kwake. Nilisema kwa sauti, ili wale wengine wote wasikie, na waligeuka wakasikia. Malimi alinitazama, akapumua, uso ukarudi. Akasema ameshamsamehe siku nyingi, mwizi naye ni binadamu. Mmoja akadakia kwamba Mungu ndiye anayejua mioyo, na wakaendelea na habari za bei ya pamba.

Nilipoinuka nilimkuta Mama Sayi amesimama nyuma ya kiti changu na birika la chai, na vikombe vimening'inia vidoleni. Ningeweza kumvuta stoo nikamnong'oneza. Lakini mjane aliyepewa haki ya mumewe hawezi kuificha, angewaambia wanawe kabla ya jua kuzama, na wanawe wangeipeleka Sola, kwa kina Malimi. Alinimiminia kikombe, akakijaza vizuri, akanipa kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni. Akasema ahsante kwa kuniambia ukweli. Nilikunywa yote, ya moto vile vile, nikarudi kumenya viazi.